Kanga ya Kukamulia

Nilipomnunua ng'ombe wangu wa kwanza, mama aliyeniuzia alinikabidhi kamba, kisha akafungua kanga aliyojifunga kiunoni akanipa na hiyo.

"Hii inakwenda naye," akasema. "Ukimkamua, jifunge."

Niliipokea kwa ncha za vidole. Ilikuwa imekakamaa kwa kinyesi na maziwa yaliyogandia, hata rangi yake huijui. Nilipofika kwangu Kwa Mrombo niliitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua mpaka maua yake yakaonekana. Nikaianika juani. Ikapendeza.

Mimi ni mtu wa kuswali, na nguo ya namna ile haiingii nyumbani kwangu ilivyo. Isitoshe, usafi ndio ulionitoa. Shule niliiacha darasa la pili. Nilianza na ndoo moja ya maziwa, nikiuza mlango kwa mlango pale Kaloleni, nikafungua kibanda cha chai Ngarenaro, nikajenga nyumba kwa mikono hii, na hakuna mteja aliyewahi kukuta unywele kwenye maziwa yangu. Lakini miaka yote hiyo yalikuwa maziwa ya ng'ombe wa watu. Nikasema uzeeni nitakunywa ya wangu.

Jioni ya kwanza nilivaa gauni jipya juu ya suruali, gambuti mpya, kanga safi. Nikasema bismillahi, nikakaa kwenye kigoda. Ng'ombe akageuza shingo, akaninusa kuanzia bega mpaka goti, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa. Maziwa hakuna. Nikampaka mafuta, nikamwekea pumba, nikambembeleza kama mtoto. Nikapata matone ya kulowanisha ndoo tu. Asubuhi hivyo hivyo, na jioni yake tena. Ndama wake alishaachishwa na kuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumnyonya akamlegeza. Kiwele kikajaa kikawa kigumu, na chuchu moja ikaanza kuwa ya moto. Anayefuga anajua mwisho wake. Chuchu ikioza, ng'ombe wa maziwa anabaki kuwa nyama.

"Mama, mwite mtu wa bucha mapema," mkwe wangu akasema.

Nikamwambia bucha atangulie yeye.

Alfajiri nikaikunja ile kanga, nikaitia kwenye mfuko, nikapanda mlimani kwa yule mama, upande wa magharibi wa Meru. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Nilimkuta bandani. Akautazama mfuko, akaitoa kanga, akaipeleka puani.

"Shikamoo, mama. Umeifua?"

"Marahaba. Nimeifua."

"Kwa sabuni?"

"Ulitaka niifue kwa mate?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Mama wa mjini wewe! Mwenzio anamtafuta mtu wake, unampelekea harufu ya duka!"

"Nipe nyingine basi. Chuchu imeanza kuwa ya moto."

Hapo kicheko kikakatika. "Nyingine sina. Nina hili koti tu, na hawa wawili waliobaki wananijua kwa koti hili. Nikikupa, kesho nami nitakuja kulia mlangoni kwako." Akaifunga kanga yangu safi kiunoni, juu ya koti. "Kaa. Nimalize kazi nayo, tushuke wote. Siwezi kuwaacha hawa na njaa."

Nilitamani kumvuta mkono tuondoke. Lakini ng'ombe wake nao wana matumbo. Nikakaa juu ya jiwe, nikamtazama, na ndipo nikamwona alivyovaa.

Koti lilikuwa la mtumba, la kiume, zito, la kukabili baridi ya kule juu. Mikono alishaikata kwenye viwiko, maana mkono mrefu unatumbukia kwenye ndoo. Vifungo aliving'oa vyote, akafunga kamba ya katani, kwa sababu kifungo humkwaruza ng'ombe ukimwegemea. Chini ya sketi alivaa suruali ya mwanaume, na miguu ya suruali aliiteremsha nje ya gambuti, haikuingia ndani. Mimi yangu niliichomeka ndani. Aliposafisha banda, maji machafu yaliteleza juu ya suruali yakadondoka chini. Mimi yangeniingia mpaka kwenye vidole. Kichwani alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, hakuna unywele uliotoka, na hicho kilikuwa cheupe kweli. Alipokwenda kukata mabingobingo, yale majani marefu yanayochana ngozi kama wembe, alivuta soksi kuukuu mikononi zikafunika pale koti lilipoishia. Akarudi na mzigo kichwani, hana mkwaruzo hata mmoja.

Nimewauzia chai wanawake wa kila vazi, wa ofisini, wa harusini, wa baraza la Idi. Aliyevaa vizuri kuliko yule sijamwona. Kila kipande kilikuwa na kazi yake, na hakuna aliyemfundisha. Alijifundisha kwa kulowa na kuchanika.

Alipomaliza kukamua, kanga ilikuwa imerudi kuwa kama nilivyoipokea. Tukatoka barabarani. Kijana wa bodaboda akamtazama juu mpaka chini.

"Mama, utanichafulia siti."

"Asubuhi ulikunywa chai ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Basi hayo maziwa yalitoka yananukia hivi hivi. Washa pikipiki."

Tukapanda mshikaki, mimi nyuma yake, pua yangu kwenye lile koti njia nzima. Sikuigeuza.

Ng'ombe alimsikia kabla hatujafungua geti, akalia. Yule mama akakaa kwenye kigoda bila haraka, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Ile chuchu ya moto aliikamulia chini kwanza, yakatoka mabonge, akaendelea mpaka yakawa maji, kisha maziwa. Zile nyingine tatu ziliijaza ndoo mpaka povu likapanda.

"Njoo," akasema.

Akaniambia nichomoe suruali kwenye gambuti. Akanifunga kanga yeye mwenyewe, mbichi, inanuka, akanikalisha. Yeye akaenda kusimama kichwani kwa ng'ombe. Ng'ombe akaninusa goti, akaninusa kiuno. Akatulia. Mkono wangu ukapata mkondo mwembamba.

"Polepole. Usimwogope, anajua."

Nilimwekea mgeni wangu chakula, akakataa. Ng'ombe wake walikuwa wanamsubiri. Aliniachia neno moja tu getini: nikimwona ng'ombe amebana maziwa tena, nisimlazimishe, nimfuate yeye kule juu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu naye. Nilijifunga, nikakaa, nikaweka paji la uso kwenye ubavu wake kama nilivyoona. Alininusa muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu hasara. Halafu akapumua, akarudisha kichwa kwenye pumba, nami nikasikia ndoo inalia. Hayakuwa mengi kama aliyompa mwenzangu. Nikapapasa ile chuchu. Ilikuwa imepoa.