Kimya cha Sista Kule

Wenzake wa wodi ya wazazi walimbandika jina la Sista Kule, na alijitakia mwenyewe. Alikuwa amerudi juzijuzi tu kutoka ng'ambo, alikofanya kazi ya ukunga miaka mingi, na kila akifungua mdomo neno la kwanza ni hilo. Kule shuka hukunjwa hivi. Kule chai hainywewi karibu na dawa. Ikafika mahali hata mfagizi akimwona anakuja anamsalimu, "Haya, kule leo kumeamkaje?" na wodi nzima inavunjika mbavu.

Hakukasirika, maana hata yeye alijisikia anavyochosha watu. Kilichomuuma ni kwamba hayo ya shuka na chai yalikuwa porojo tu. Jambo lenyewe alilotaka kulisema lilimkaa kooni, halipandi halishuki.

Ni hivi. Siku zake za mwanzo ugenini aliingizwa kazini chumba cha kujifungulia, na mtoto alipotoka, watu wote wakanyamaza. Daktari kimya, wakunga kimya, mikono inafuta na kukagua, lakini hakuna anayetoa sauti mpaka mama aseme, ili sauti ya kwanza atakayoisikia mtoto duniani iwe ya mama yake. Mama akatamka neno moja, kwa lugha yao. Mtoto aliyekuwa analia kama kaibiwa akakatiza kilio, akageuza uso sauti ilikotoka. Jamani. Sista alibaki na taulo mkononi, mwili umemsisimka. Huku nyumbani alikuwa amepokea watoto mpaka hesabu imempotea, na hajawahi kumwona hata mmoja akimtambua mtu.

Baadaye alimuuliza mwenzake neno lile lina maana gani. Mwenzake akahangaika weee, mwisho akasema halitafsiriki. Ni neno la kumwambia mtu uliyemsubiri siku nyingi, halafu unafungua mlango unamkuta amesimama. Sista alirudi nalo nyumbani hivyo hivyo, bila tafsiri.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umtie kwenye wodi ya Matroni Spika. Mama huyu aliitwa Spika kwa kuwa sauti yake ilifika getini bila kutumwa. "Sukuma, mama! Usinibanie hapo, sukuma!" Na mtoto akitoka ndiyo kabisa, matroni anamtangaza kwa wodi nzima, walio macho na waliolala.

Asubuhi moja matroni aliitwa kikaoni, na Sista akaona nafasi yake ndiyo hiyo. Akawaambia manesi wawili aliokuwa nao, mtoto akitoka mtu asiseme kitu. Mtoto akatoka, mzima wa afya. Wote kimya. Yule mama kitandani akamtazama huyu, akamtazama yule. Katika wodi ile kimya kilikuwa cha aina moja tu, na hata mzazi wa mara ya kwanza alikijua.

"Amekufa," akasema. "Mwanangu amekufa, mnanificha."

Akaangua kilio ambacho Sista hatakisahau. Mumewe aliyekuwa mlangoni akakaa chini sakafuni. Mtoto alilia mara hiyo hiyo, akawekwa kifuani, lakini mama wa watu aliendelea kumpapasa vidole vya miguu, haamini.

Matroni aliporudi alimwita Sista ofisini, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

"Mdogo wangu, umemwua mtoto wa watu, kisha ukamfufua. Unadhani mimi napenda kupayuka? Makelele yangu ndiyo yanamwambia mama kwamba mwanawe yu hai. Ukirudia, chumba kile hutakiona tena. Utakwenda kupima watoto uzito."

Sista akanywea. Kilichomchoma si vitisho. Ni kwamba alizaliwa hapa, akakulia hapa, na maana ya kile kimya aliijua tangu utotoni. Alikwenda mbali akaona maajabu, halafu akasahau jambo linalojulikana na kila mtu. Neno "kule" likamtoka mdomoni kabisa, mpaka mfagizi akamwuliza kama anaumwa.

Ila hakuacha kuwaza. Wajawazito wakitembeatembea ukumbini kutuliza uchungu, akawa anatembea nao, mkono begani, anawasimulia yale aliyoyaona. Aliwasimulia tu, kurudia hathubutu. Na miongoni mwao, siku moja, akawemo binti wa matroni mwenyewe.

Saa yake ilipofika, binti akamshika mama yake mkono.

"Mama, leo naomba unyamaze."

"Ninyamaze mimi?"

Mfagizi nje akaangusha ndoo kwa kicheko. Matroni akamgeukia Sista, na Sista akaona kazi yake inaning'inia pale.

"Atajuaje kuwa mtoto ni mzima?" matroni akauliza.

"Nitamshika bega," Sista akasema. "Nikimfinya, ajue mwanawe ni mzima, na zamu ya kusema ni yake. Nimeshamweleza."

Mtoto alipotoka, matroni mwenye sauti ya kufika getini aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kukawa kimya. Sista akalifinya bega. Binti akavuta pumzi, akamwangalia yule mtu mdogo aliyeloa, anayelia, na hakuwa amepanga la kusema.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mtoto akakatiza kilio. Akageuza uso taratibu, akamtafuta mama yake kwa macho ambayo hayajaona kitu bado, akatulia. Machozi yakamtiririka Sista, kwa kuwa neno lile alilolibeba kutoka ng'ambo alikuwa amelisikia sasa hivi, kwa lugha yake mwenyewe, nalo lilikuwa la kawaida kabisa.

Matroni alishusha mikono polepole. Alikuwa akiwafikiria watoto wote aliowapigia kelele masikioni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, hakuna aliyewahi kuisikia.

"Sista," akanong'ona, "hebu niambie. Kule inakuwaje?"

"Hivi hivi, dada," Sista akajibu. "Kama huku."