Saa mbili za Sekunde mbele ya kalibu

Saa mbili kamili asubuhi, injinia anabonyeza saa yake na kusema neno moja tu: "Anza."

Mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa mara tatu kwa kuwa ovaroli zote za hapa zilishonewa wanaume, anasogea mbele. Anazima mashine. Anaipiga kufuli swichi kuu, anatia ufunguo mfukoni, kisha anaupapasa kwa nje kuhakikisha umo. Ndipo anapopanda ngazi fupi na kuingiza kichwa na mabega katikati ya mapande mawili ya chuma ambayo, mashine ikiwa inafanya kazi, hubanana kwa nguvu ya tani mia nne.

Mwandishi wa makala haya ameambiwa asimame nyuma ya mstari wa njano na asiulize chochote mpaka saa nne. Haya, amesimama.

Humu kiwandani hakuna anayemwita mwanamke huyu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Sekunde. Alilipata alipokuwa opereta mpya, kwa tabia yake ya kuhesabu kwa sauti muda wa plastiki kupoa: kifuniko sekunde kumi na mbili, beseni ishirini na tano, ndoo thelathini na moja. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Ana umri wa miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda hiki cha ndoo, mabeseni na vifuniko. Alianzia meza ya kukatia, akikwangua kwa kisu masalia ya plastiki kwenye kingo za mabeseni, mia tisa kwa zamu moja. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vina alama nyeupe za kisu hicho.

Leo anafanya mtihani wa kuwa fundi wa kalibu.

Kalibu, kwa asiyeijua, ni kama kile kibati cha kuokea keki, ila hiki ni cha chuma na kina uzito wa gari dogo. Mashine inayeyusha chembechembe za plastiki, inazisukuma ndani ya kalibu, maji yanapita kuipoza, kalibu inafunguka, beseni linatoka. Opereta hupokea beseni. Fundi wa kalibu ndiye anayeifunga kalibu, anayepanga joto na msukumo, na ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa kwa ndani. Mshahara wake unakaribia kuwa mara mbili ya wa opereta. Kiwanda kina mafundi wa kalibu kumi na mmoja, wote wanaume.

Masharti ya mtihani ni mafupi. Sekunde atoe kalibu ya mabeseni, afunge ya vifuniko vya ndoo, kisha atoe vifuniko kumi safi mfululizo. Yote ndani ya saa mbili. Akipitisha hata dakika moja, anarudi kwenye kiti cha opereta mpaka mtihani wa mwakani.

"Mwakani!" alisema jana wakati wa chai, akicheka bila furaha. "Mimi nimeshasubiri mwakani tano."

Msaidizi wake leo ni fundi wa siku nyingi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Wanamwita Kamanda. Ndiye anayeendesha winchi, na hana ruhusa ya kumwambia la kufanya.

Kufikia saa tatu, kalibu ya mabeseni inaning'inia kwenye mnyororo na kushushwa sakafuni. Saa tatu na dakika ishirini na mbili, ya vifuniko imeshakaa mahali pake, boliti zote nane zimekazwa, mipira ya maji imeungwa. Sekunde anatoa kufuli na kuwasha mashine. Kijasho chembamba kinamtoka juu ya mdomo.

"Anakwenda vizuri," Kamanda anamnong'oneza mwandishi. "Mimi mtihani wangu muda huu nilikuwa bado natafuta spana."

Saa tatu na dakika thelathini na sita, kalibu inafunga, inajaa, inapoa. Sekunde midomo inamchezacheza, anahesabu. Kalibu inafunguka.

Hakuna kinachodondoka.

Kifuniko kimeng'ang'ania chuma. Vyuma vya kukisukumia nje vinatoka, vinarudi, vinatoka tena, na kifuniko hakitikisiki. Mashine hii ilifanyiwa matengenezo mwezi uliopita na sasa inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko karatasi ya vipimo inavyosema. Plastiki imejaa kupita kiasi na kukumbatia chuma.

"Yallah," anasema Sekunde taratibu.

Anazima tena, kufuli tena, ufunguo mfukoni. Anapuliza hewa kwa mpira wa upepo kwenye ukingo wa kifuniko. Wapi. Anachukua kijiti cha shaba kilichotundikwa ubavuni mwa mashine. Shaba ni laini, haiwezi kuumiza chuma cha kalibu, lakini ncha yake ni nene na haipenyi. Ni saa tatu na dakika arobaini na moja.

Kamanda anasogea na kitu mkononi. Ni bisibisi.

"Dada, chokoa mara moja tu. Ncha inapenya vizuri, kinatoka sasa hivi."

"Sitaki, kaka."

"Mara moja! Hata sisi huwa tunafanya, usione tunajifanya malaika. Nani atajua?"

Injinia, hatua nne kutoka hapo, anatazama saa yake kana kwamba hakusikia.

Ili msomaji aelewe kwa nini Sekunde anaitazama bisibisi ile kwa woga, inabidi turudi nyuma miaka saba.

Wakati ule alikuwa amepandishwa kuwa msaidizi wa fundi, na huo ulikuwa mwezi wake wa nne katika kazi hiyo. Beseni liling'ang'ania, fundi alikuwa amekwenda kula, na oda ilikuwa inadaiwa jioni ile ile. Alichukua bisibisi, akachokoa. Beseni lilitoka. Ndani ya kalibu, chuma kilichong'arishwa kama kioo kikabaki na mchubuko wa urefu wa njiti ya kiberiti.

"Niliuona hapo hapo," alisimulia jana. "Moyo ukafanya paa! Nilimfuata fundi mezani kwake, chakula kikiwa bado mdomoni, nikamwambia ni mimi. Sikulala na jambo lile."

Kusema ukweli hakukumwokoa. Alirudishwa meza ya kukatia kwa miaka miwili. Na kalibu, kwa kuwa kuing'arisha kulihitaji kuipeleka mbali, iliendelea kufanya kazi na mchubuko wake. Kila beseni lililotoka lilikuwa na mstari mwembamba kwenye kitako. Yeye mwenyewe, pale mezani, ndiye aliyekuwa akiyakata masalia. Anakadiria mabeseni laki mbili na zaidi.

Moja lilifika hadi nyumbani kwake. Mama mkwe wake alilinunua sokoni bila kujua chochote, akamletea mjukuu wake wa kwanza la kuogea.

"Namwogesha mtoto, jicho langu liko kwenye mstari," alisema Sekunde. "Siku moja nikashindwa, nikamwambia mama ukweli. Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini. Eti, 'Kumbe mkwe wangu umetia sahihi mabeseni ya mji mzima!' Tangu siku hiyo kila akienda kwa watu anageuza mabeseni yao kuangalia kitako. Ananitia aibu, basi tu."

Alicheka aliposema hivyo, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Turudi kwenye mashine. Ni saa tatu na dakika arobaini na tatu.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Kamanda anamtania, bado amenyoosha bisibisi. Lakini uso wake hautanii. Anataka Sekunde afaulu, hilo liko wazi hata kwa mgeni.

"Nashtuka, ndiyo," anajibu Sekunde. "Iondoe hiyo kitu mbele yangu."

Kisha anafanya jambo linaloonekana la kijinga kwa mtu anayekimbizwa na saa. Anafunga bomba la maji baridi, anawasha kipasha joto cha kalibu, chenye swichi yake ya pembeni, anashuka ngazi, anasimama. Hafanyi kitu. Amekunja mikono, midomo inatembea.

Kalibu ikipata joto, plastiki italegea na kukiachia chuma yenyewe. Kila fundi hapa anajua hivyo. Wanajua pia kwamba inachukua dakika kumi au zaidi, ndiyo maana wengi huishia kwenye bisibisi.

Dakika tano. Kamanda anazunguka mashine mara mbili na kurudi. Opereta wa mashine ya jirani ameacha ndoo zake zirundikane na anatazama. Dakika nane. Injinia anapiga miayo, au anajifanya. Mwandishi anajikuta naye anahesabu, na hesabu zinampotea.

"Mia sita na ishirini," anasema Sekunde kwa sauti, na kupanda ngazi.

Bado. Kijiti cha shaba kinaingia nusu na kukwama. Anashuka. Saa tatu na dakika hamsini na sita anapanda tena, anapuliza upepo, anasukuma kwa shaba kwa kidole kimoja tu, na kifuniko kinaachia kwa mlio mdogo na kumwangukia kifuani.

Hashangilii. Anazima kipasha joto, anatoa kufuli, anarudisha maji, anapunguza msukumo, anaisubiri kalibu ipoe. Vifuniko vitatu vya kwanza ni vibovu, anavitupa kwenye pipa la kusagwa. Kuanzia cha nne vinatoka safi. Anavipanga mezani: kimoja, viwili, vitatu. Saa nne inapita akiwa kwenye cha pili. Anaendelea kupanga mpaka cha kumi.

Injinia anabonyeza saa. "Saa mbili na dakika tisa."

Anapanda mwenyewe na tochi. Anamulika ndani ya kalibu muda mrefu, anapitisha kidole kwenye chuma, anamulika tena. Anaposhuka, anaweka karatasi juu ya goti na kutia alama. Karatasi hiyo ina visanduku viwili tu.

"Hujafaulu, mama. Muda ni muda."

"Nimeelewa."

"Lakini kalibu iko safi."

"Najua iko safi."

Hapo ndipo injinia anapofanya kosa la watu wakubwa. Anakunja karatasi, anashusha sauti na kusema kesho saa moja asubuhi inafungwa kalibu mpya ya makreti, iliyokuja kwa meli, ambayo bei yake haiwezi kulipwa na mishahara ya mafundi wote kumi na mmoja kwa mwaka mzima. Wapo watakaoharakisha, anasema. Angependa Sekunde ndiye aifunge.

"Kwa cheo gani, bosi?"

"Kwa cheo chako hicho hicho. Utasaidia tu."

Sekunde anavua glovu, moja, halafu ya pili.

"Cheo changu ni opereta. Opereta haruhusiwi kuingiza mkono kwenye kalibu. Mmebandika wenyewe ukutani pale, kwa herufi nyekundu."

"Mama, usilete ugumu."

"Sileti ugumu, bosi, nasoma ukuta. Mkiniona nafaa kuifunga, niandikieni barua ya ufundi. Mkiniona sifai, basi msinipe. Nikiikwaruza hiyo kalibu bila barua, nitakuwa opereta aliyegusa kisichomhusu. Hilo kosa nalijua lilivyo."

Kamanda anakohoa. Opereta wa jirani ameshazimisha mashine yake kabisa. Injinia anaondoka na karatasi yake.

"Umeyataka mwenyewe," Kamanda anamwambia Sekunde injinia akishatokomea. Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini umesema."

Kwenye bomba la kunawia, Sekunde ananawa mikono, akitazama mlango aliopitia injinia.

"Naogopa, ujue. Nina watoto wawili na mama mkwe, na mume wangu ni dereva wa malori, wiki yuko, wiki hayupo. Wakiniambia kesho nisije, sina pa kwenda. Hakuna kiwanda kingine cha plastiki mji huu." Ananawa mara ya pili ingawa mikono ilikuwa safi. "Lakini nimechoka kuwa mtu wa kuitwa mambo yakiharibika. Kesho saa moja nitakuwepo. Barua ikiwepo, nafunga kalibu. Isipokuwepo, nakaa kwenye kiti changu nahesabu."

Siku iliyofuata, mwandishi alimpigia simu saa moja na nusu asubuhi. Haikupokewa. Akapiga saa mbili na nusu, ikaita mpaka ikakata. Saa tatu, vivyo hivyo. Mhariri alishauri habari iishie kwenye bomba la kunawia.

Saa tano na robo ukaingia ujumbe mfupi:

"Samahani ndugu mwandishi, sikusikia simu, barua niliikuta na mikono ilikuwa ndani ya kalibu. Imechukua saa tatu na nusu na hakuna aliyebonyeza saa. Nimewauliza hizi kalibu nani anazichonga huko zinakotoka, wakasema kuna chuo cha kazi hiyo, miezi kumi na minane. Nimeomba anwani."