Ubao wa Kona ya Saba

Ubao wenyewe ni kipande cha mlango mbovu kilichopakwa chokaa, na juu yake neno moja jekundu: LIMECHANUA. Karibu mwaka mzima hukaa jikoni kwa mzee Zainubi, mkulima na muuza kahawa ambaye wote humwita Wak, yaani mjomba mkubwa, uso umegeukia ukuta, nyuma ya gunia la kahawa. Siku ukitoka nje, kona ya saba ya barabara ipandayo mlimani kutoka mji wa pwani wa Bengkulu hujaa wageni. Wamekwisha kuiona ngome ya mjini, wamekwisha kutembea ufukweni mpaka viatu vikajaa mchanga, sasa wanalitaka ua kubwa kuliko yote duniani.

Ua hilo halipandwi. Huota juu ya mtambaa wa porini, halina jani wala shina, nalo hunuka mzoga. Wazee waliliita kijaluba cha tambuu cha shetani. Tumba lake hukua miezi tisa mpaka likawa kama kabichi. Likipenda, huchanua siku tano au sita, likafa. Lisipopenda, huoza likiwa limefumba.

Miaka miwili nyuma Wak alilitegemea tumba lililovimba vizuri, akatoa ubao jioni akiamini kesho litafunguka. Halikufunguka. Watu wa Palembang waliosafiri usiku kucha walimteremsha bibi yao bondeni kwa kumshika mikono, wakakuta donge jeusi. Yule bibi hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, ungetuambia, tungekunywa kahawa yako tukaenda zetu." Neno hilo lilimchoma Wak kuliko tusi. Na Yansori, dereva wa basi dogo aliyewaleta, akaubatiza ubao ule Ngoja Kesho. Jina likateremka na madereva mpaka mjini.

Kwa hiyo tumba jingine lilipotokea nyuma ya mibuni yake, Wak hakumwambia mtu. Alilizungushia miba ili nungu wasilile, na kila alfajiri alishuka kulijulia hali. Aliyegundua ni Holidin, muuza mahindi ya kuchoma wa ng'ambo ya barabara.

"Wak, nasikia una kabichi bondeni."

"Masikio yako makubwa, Holidin. Ungeyatumia kupepea mkaa."

"Toa ubao basi! Leo Jumamosi, mji mzima uko barabarani."

"Sitangazi mtoto kazaliwa kabla sijamsikia akilia."

"Na akizaliwa Jumatatu, atakuja kumwona nani? Mbuzi?"

"Mbuzi nao ni wageni."

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumanne alfajiri, hata kabla hajafika chini, nzi walikwishampa habari. Petali tatu zilikuwa zimelala, nyekundu zenye madoadoa meupe. Mbili bado zimejikunja. Wak hakukimbilia ubao. Alikaa kwenye kisiki mpaka ya tano ikalala, ndipo akapanda, akanawa, akajifunga kilemba cha Ijumaa, akautoa nje.

Hakusimama mtu. Dereva mmoja alichungulia dirishani akapiga kelele, "Ngoja Kesho huo!" Mpaka adhuhuri Wak alikuwa amewakaribisha nzi peke yao. Kisha lori la mboga likasimama kupoza breki, na mpakiaji wake akashuka bondeni kwa udadisi tu. Alirudi ameshika pua.

"Jamani, liko! Kama tairi! Linanuka kama soksi za bosi wangu!"

Kabla ya alasiri magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili za kona. Siku tano Wak alisimama kichwani mwa njia akiwaongoza watu: mguu mmoja mmoja, usikanyage mtambaa, huyo ndiye mama yake. Holidin aliishiwa mahindi, akanunua ya jirani, nayo yakaisha.

Jumapili alfajiri kingo za petali zilikuwa nyeusi na moyo wa ua umebonyea. Wak akaubeba ubao kuurudisha jikoni.

"Wak! Jumapili hii!" Holidin alikaribia kulia. "Bado lina umbo!"

"Maiti naye ana umbo."

Haikupita saa, basi dogo likaegesha. Yansori. Tangu ile siku ya Palembang hakuwahi kusimama hapo. Nyuma yake walishuka wageni kumi kutoka Jakarta, simu mikononi tayari.

"Wak, ubao uko wapi?"

"Jikoni."

"Lakini jana ulikuwa..."

"Jana lilikuwa hai."

Yansori akamsogelea, akanong'ona. "Hawa hawajui jeusi wala jekundu. Waache washuke wapige picha."

Wak alipaza sauti, wote wasikie. "Wageni wangu, ua limekufa asubuhi hii. Dereva wenu hana kosa. Kahawa ipo, na halua ya doriani."

Wakatazamana. Mama mmoja akacheka. "Tuletee kahawa basi, angalau hainuki."

Yansori alikunywa yake kwa kusimama. "Ningekuwa mimi, ningewashusha."

"Najua. Halafu ungeniletea jina jipya."

Yansori akakimaliza kikombe chake, akaomba cha pili.

Miezi imepita. Wiki jana basi lake lilipunguza mwendo hapo konani, dirisha wazi, na abiria akauliza kama si hapa penye ua.

"Leo halipo," alijibu Yansori.

"Umejuaje?"

"Ubao wa Wak uko ndani."

Akapiga honi mara mbili, akapanda zake. Wak, aliyekuwa akikaanga buni, hakugeuka. Aliinua mwiko juu, juu kabisa, uonekane mpaka kona ya nane.