Mumewe hukamata nyoka, yeye hushika kamba

Jua limeshapanda, na nje ya stoo ya mfuga kuku majirani wamejazana kana kwamba kuna harusi. Tofauti ni kwamba hakuna anayesema neno. Mlango wa stoo uko wazi, na kutoka gizani inatokeza kamba ya katani, inapita juu ya kizingiti, inafika hadi mikononi mwa mwanamke mfupi aliyekaa juu ya debe lililopinduliwa.

Upande wa pili wa kamba hiyo amefungwa mume wake.

Jogoo anawika bandani. Mwanamke anamkata jicho, na jicho lenyewe ni kali hadi mwenye jogoo anaomba radhi kwa mkono. Kisha anainamisha kichwa, anafumba macho na kurudi kwenye kazi yake, ambayo ni kusikiliza.

Mumewe anajulikana vijiji vyote vya jirani kama Mzee Koleo, kwa sababu ya koleo refu la chuma alilojitengenezea mwenyewe. Nyoka akiingia nyumbani kwa mtu, ndiye anayeitwa. Humkamata, humtia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kwenda kumwachia kwenye mawe ng'ambo ya bonde, mbali na makazi. Mkewe wanamwita Mama Koleo.

"Jina hilo sikuliomba," anasema. "Mimi nyoka namwogopa tangu utoto hadi leo hii. Nikimwona hata kwenye picha, naifunika kwa kanga. Watu wanadhani nimezoea. Nizoee nini? Kuogopa ndiko kunakonifanya nisikie vizuri."

Asubuhi hii mfuga kuku, mama mmoja mwenye maneno mengi na mabanda matatu, amemwona swila akiteleza chini ya magunia ya chakula cha kuku. Swila si nyoka wa kuchezea. Huuma, na kabla ya kuuma hutema sumu kuelekea machoni. Ndiyo maana Mzee Koleo ameingia humo akiwa na miwani ya mchomelea vyuma, gambuti na tochi ya kichwani. Na kamba kiunoni.

Kamba ni mpya. Ina miezi michache tu, na ina historia yake.

Mzee Koleo kwa ufundi ni mwezekaji. Amepaua nyumba nyingi za eneo hili, na ni huko juu ya paa alikoanza kukutana na nyoka waliokuwa wanafuata panya na ndege. Alianza kwa kuwakamata wale aliowakuta, kisha watu wakaanza kumwita hata pasipo na paa la kutengeneza. Miezi ya mvua huitwa hata mara nne kwa wiki. Kiangazi kikikolea, mwezi mzima hupita bila simu. Mwenye nacho hulipa, asiye nacho hutoa mayai au shukrani.

Lakini kugonga misumari kwenye mabati zaidi ya miaka ishirini kulimdai kitu, na alicholipa ni masikio. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia kwa shida, tena ukilisogelea.

Hakumwambia mtu. Hata mkewe.

"Mkamata nyoka kiziwi, nani atamwita?" anasema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kutoka mlima wa pili. "Na huyu ningemwambia angenikataza. Sasa nikikatazwa kazi hii nikae nyumbani nifanye nini? Nimfuate yeye jikoni kama kifaranga?"

Kwa hiyo akajifunza ujanja. Akawa anakaa upande mmoja wa meza siku zote. Watu wakicheka, naye anacheka. Akiulizwa asilolisikia, anakunja uso kama mtu aliyeulizwa upuuzi, na muulizaji anaona haya na kuachana nalo.

Nyumbani ujanja huo ulimuumiza mtu mmoja.

"Nilijua amenichoka," anasema Mama Koleo, na utani wote unamtoka usoni. "Namsemesha, kimya. Namwita, kimya. Naingia ndani nimesuka nywele, namuuliza nimependeza, anainuka anakwenda kunywa maji. Mwaka mzima na zaidi. Nikajiambia, haya mama, watoto wameolewa, nyumba imebaki na watu wawili, na mmoja ndiyo hivyo ameshaondoka moyoni. Nililia sana mimi. Nililia nikiwa nafua, ili mtu akiona maji asiulize."

Ukweli ulijitokeza kwenye rundo la kuni la jirani yao. Siku hiyo Mzee Koleo aliitwa, na mkewe akaenda naye kwa kuwa walikuwa njiani kurudi kutoka kwenye mazishi. Katika kazi hii kuna sheria ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka: akishaanza, kila mtu kimya, asije mtu akamshtua mkono ukapotea. Mke aliijua sheria hiyo na kuiheshimu. Alisimama pembeni amebana kanga mdomoni.

Ndipo akasikia. Fuuuu. Sauti ndefu, kama pampu ya baiskeli inayovuja. Ni kifutu, nyoka mnene, mvivu wa kukimbia lakini mwepesi wa kuuma kuliko kope ya jicho, na huonya kwa kupumua hivyo. Sauti ilitoka chini ya gogo lile lile ambako mumewe alikuwa anapeleka mkono.

"Nikapiga kelele. Sheria nikaitupa huko. Nikasema, baba watoto, toa mkono! Hakugeuka. Nikapiga tena. Wapi! Nikaona huyu leo ananiletea za kuleta, kiburi chake cha nyumbani amekuja nacho hadi kwenye sumu. Nikavua kandambili nikamtandika nayo ya sikio."

Mzee Koleo aliinua mkono kushika sikio. Kifutu akaruka na kuuma gogo, pale pale mkono ulipokuwa.

"Niligeuka nimfokee," anakumbuka. "Nikamwona mdomo unakwenda, na mimi sisikii hata neno."

Walirudi nyumbani. Jioni hiyo, mzee akiwa amekaa jikoni anamenya viazi, amempa mgongo, Mama Koleo alisimama mlangoni akafanya jaribio lake. Alimwambia anaondoka, anarudi kwao. Viazi vikaendelea kumenywa. Akamtukana tusi ambalo anakataa katakata kulirudia kwa ajili ya gazeti. Viazi vikaendelea.

"Nikamwambia nampenda. Hata hilo hakuligeukia," anasema, na sasa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. "Niliketi pale pale sakafuni. Wewe, unajua raha niliyoipata? Mume wangu hajanichoka! Mume wangu ni kiziwi tu!"

Furaha hiyo haikumzuia kutaka kazi ikome. Walibishana siku nyingi, na kubishana na mtu asiyesikia kunamaliza sauti. Mzee alishikilia kwamba iko nyumba moja yenye mtoto anayetambaa, na nyoka hasubiri masikio ya mtu yapone. Mwishowe mama akaleta kamba, na sharti. Ukivutwa mara moja, simama hapo hapo ulipo. Ukivutwa mara mbili, rudi kinyumenyume. Na siku nikivuta wewe usisimame, hiyo ndiyo siku ya mwisho. Koleo nalitupa chooni.

Alikubali, kwa kununa. Kila safari ni mke anayefunga fundo, na mume akitazama pembeni kama mtoto anayevalishwa sweta asilolitaka. Tangu hapo kamba imevutwa mara kadhaa kwa tahadhari ndogondogo. Haijawahi kuvutwa nyoka akiwa karibu kushikwa. Mama Koleo anakiri kwamba siku hiyo ndiyo anayoiogopa, kwa sababu anamjua mwanamume wake akishaona windo.

Leo, kwenye stoo ya mfuga kuku, siku hiyo inafika.

Kutoka mlangoni mwanga wa tochi unaonekana ukitua juu ya ukuta wa nyuma. Swila yuko hapo, ameinua kichwa, shingo imetanuka. Koleo linasogea polepole. Limebakiza shubiri.

Mama Koleo anafumbua macho. Amesikia kitu, na hakikutoka kwa swila. Swila hufoka kwa ufupi, kwa hasira. Hiki ni kirefu, cha mtu aliyechoka, na kimetoka kushoto, nyuma ya pipa la pumba. Upande wa sikio lililokufa.

Anavuta.

Ndani, koleo linaning'inia hewani. Mtu angeweza kuuona mgongo wa mzee ukibishana na kiuno chake. Swila anashusha kichwa, anageuka, anateleza kuelekea ufa chini ya ukuta. Bado anashikika. Hatua moja tu ya mguu wa kushoto ingetosha.

Mzee Koleo amesimama. Mkia wa swila unaishia ufani.

Kamba inavutwa mara mbili. Anarudi nyuma, taratibu, hadi kwenye jua, anavua miwani, na uso wake umeiva kwa hasira.

"Nilikuwa naye! Nilikuwa naye kabisa!"

Mkewe anainuka, anamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti, na kumwelekezea mdomo kwenye sikio la kulia. "Kifutu. Kushoto kwako. Nyuma ya pipa."

"Hakuna kifutu humo."

"Kaangalie."

Anaangalia. Anainama na tochi, na anabaki ameinama muda mrefu. Kifutu amejikunja kwenye vumbi la pumba, rangi moja na vumbi lenyewe, mahali ambapo gambuti lilikuwa linakwenda kutua, na gambuti hilo la kushoto limepasuka juu ya kifundo tangu mwaka jana. Anamkamata bila taabu, anambana ndani ya ndoo.

Mfuga kuku ndiye wa kwanza kusema. "Sasa jamani, nimewaita kwa ajili ya swila, mmeniletea kifutu!"

"Sisi hatukukuletea, dada," anajibu Mama Koleo. "Ulikuwa unaishi naye."

Kicheko kinalipuka uani. Hata Mzee Koleo anacheka, ingawa haijulikani kama amesikia au anafuata tu wenzake. Kabla ya kuondoka anamwonyesha mwenye nyumba ufa wa kuziba, na kumwambia chakula cha kuku akihamishie kwenye mapipa yenye vifuniko. Pumba huita panya, na panya huwaita hao wengine.

Kifutu anaachiwa kwenye mawe. Nyumbani, chumba cha mbele kina viti viwili vilivyogeuzwa kuelekeana, jambo jipya humo. Mama alivigeuza ili mume aone midomo yake. Ukutani ziko picha za mabinti wawili, wote wameolewa mbali, wote wanapiga simu kumsihi baba aache.

Zahanati wameambiwa kuna kifaa cha kuvaa sikioni, wakijaliwa. Mama Koleo anasema kikija kitakaribishwa, na kamba itabaki.

Akiulizwa anatumaini nini, anavitazama vile viti viwili. "Natumaini tutaacha pamoja," anasema. "Siku magoti yakikataa, tukae wote hapa, yeye na vidole vyake vyote kumi. Sitaki nimwachishe kwa nguvu. Akiacha kwa kulazimishwa atanikalia hapo kama mgeni, na mimi mgeni huyo nimeishi naye mwaka mzima, simtaki tena. Nataka tu ajue kwamba namvuta kwa sababu namtaka nyumbani."

Simu inalia. Siku hizi simu inakaa kwake. Ni mfuga kuku, anapiga kelele hadi inasikika chumba kizima: swila ametokea banda la pili, yuko kwenye viota vya mayai.

Mama Koleo anasogea kwenye sikio la kulia, anaeleza. Mzee anainuka, anavaa gambuti, anachukua koleo na ndoo. Mkewe anatazama huku na huku akiitafuta kamba.

Anayo mzee. Anaizungusha kiunoni mwenyewe, anafunga fundo, analijaribu, analifungua na kulifunga upya kwa kukaza zaidi. Halafu anamletea mkewe ncha, anamwekea kiganjani na kumkunjia vidole. Anatangulia kutoka.

Hajafika hata kwenye geti. Mama Koleo, nyuma yake, anavuta mara moja, taratibu, bila sababu.

Mzee Koleo anasimama.