Mwaridi wa Bibi na Njia ya Kinondoni

Harufu iliyokuwa ikiniamsha utotoni haikuwa ya chai wala ya moshi wa kuni. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa maji ya kuogea, yenye sabuni kidogo ndani yake, na katikati yake ikipenya harufu ya waridi. Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na uani mpana, na maji ya bafuni yalitoka kwa kimfereji yakaishia kwenye shina la mwaridi mmoja mzee. Baba akishaoga kwa ajili ya Alfajiri maji yanakwenda, mti unakunywa, na mie niliyelala karibu na dirisha napata habari kwamba kumekucha. Hadi leo nikitia udhu mahali penye maua nasita kidogo, na nia yangu inarudi kuwa ya mtoto wa miaka tisa.

Mwaridi ule ulikuja na bibi mzaa baba kutoka Kilwa, kipande cha tawi tu, kimefungwa kwenye ganda bichi la mgomba na kuloweshwa njia nzima. Haukuwa na sura. Maua yake madogo, mekundu ya kukoza, yakifunguka leo kesho yanapukutika, na miba yake ilikuwa haina haya. Lakini ua moja likiwekwa kwenye sahani ya wali, wali ule hata usipokuwa na nazi unaula kwa raha. Wakati ule serikali ilikuwa ya Waingereza, na huku kwetu pembezoni mji ulikuwa haujafika vizuri. Nyumba zilikuwa zimesimama mbalimbali, katikati mihogo. Maji tulibeba kutoka bombani, kwa hiyo mtu aliyekuwa na mti wa maua alikuwa ameuchagua kweli, si wa kupambia.

Kulikuwa na jambo la nyumba yetu. Kila bibi arusi aliyetoka au kuingia katika ukoo wa baba alifungwa kikuba cha mwaridi ule. Kikuba ni kile kifungu kidogo cha maua na majani ya rehani kinachobanwa kifuani mwa bibi arusi, kikatiwa marashi kidogo, akawa ananukia kabla hujamwona. Akishaolewa alipewa na tawi la kwenda kupanda kwake. Bibi ndiye aliyekuwa akifunga. Baba alipooa mke wa pili, Bi Tatu, na kumweka Kinondoni, bibi alikuwa macho yameanza kumwacha, akamwambia mama, "Mama Zuhura, nenda kanichumie maua." Mama alikwenda. Nilikuwa mdogo sana, nakumbuka tu kwamba alirudi na sahani imejaa na vidole vinatoka damu, akaiweka mbele ya mkwewe, akaenda kuswali. Tangu siku hiyo Kinondoni ilikosa jina nyumbani kwetu. Siku ambazo si zamu yetu mama alisema, "Baba yenu yuko kule." Hakumsema vibaya Bi Tatu, maana aliogopa dhambi ya kusengenya kuliko alivyoogopa nyoka, ila mguu wake haukukanyaga kule. Hata bibi alipofariki, wanawake wale wawili walikaa matanga pembe mbili za chumba kimoja.

Basi mwaka dada yangu Zuhura alipoposwa, baba alirudi kutoka kazini na debe begani, ndani yake mche wa mwaridi. Alikuwa karani wa stoo mjini, na Mzungu wake alikuwa akirudi Ulaya, akawa anagawa vitu. Jirani yetu Bi Mwanahawa, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuwa ameketi nje anachambua mchicha.

"Baba Zuhura! Wenzio wamepewa viti, wewe umepewa miba?"

"Subiri ichanue, utaomba radhi," baba akamjibu.

Na kweli ilichanua. Ua lake lilikuwa kubwa kama kikombe cha chai, rangi ya ndani ya papai, majani yake yamelala moja juu ya jingine kwa mpango hata ukadhani limekunjwa na mtu. Tulilizunguka sote. Baba alimtazama mama akisubiri sifa. Mama akainama, akavuta pumzi, akavuta tena. "Zuri," akasema. "Ila halisemi kitu."

Maneno yale yalimwingia baba vibaya. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri na alitaka vipendwe. Siku kadhaa aliliinamia ua lile akinusa, kana kwamba harufu imechelewa tu njiani. Halafu mama akaenda Chanika kwa kaka yake kuchukua samadi ya mbuzi, maana arusi ilikuwa inakaribia na alitaka mwaridi wa bibi uzae matumba mengi. Alipokuwa huko, baba akachimba. Alifukua pale pale kwenye shina la mwaridi mzee, palipokuwa na maji, akaupanda na ule wa Uzunguni shimo moja, bega kwa bega, akashindilia udongo kwa mguu.

Mama aliporudi alisimama uani na tenga la samadi kichwani, hakulitua.

"Umefanya nini, Baba Zuhura?"

"Nimeuweka mgeni na mwenyeji pamoja. Nguo mpya si haina harufu? Ukiilaza sandukuni na iliyofukizwa udi, inaamka nayo inanukia."

"Mti si kanzu."

"Utaona."

Tuliona. Jua la kaskazi lilikuwa kali, mvua ya masika bado, na mizizi aliyoikata kwa jembe haikuwa na nguvu ya kutafuta maji. Ule wa Uzunguni, ambao ulitoka na udongo wake wa debeni, ulijinyoosha kwa furaha. Wa bibi ukaangusha majani. Mama aliutandikia kivuli cha makuti, akaumwagia maji ya mtungi wetu wa kunywa. Kila alipokata tawi kutafuta kijani ndani yake, alikuta rangi ya udongo wa chungu, akashuka chini zaidi, akakata tena, mpaka kisu kikafika shinani. Pale akakuta mchwa. Alikaa kitako kwenye udongo ule na kanga yake nzuri, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," sawasawa na anavyosema akisikia mtu amefariki. Baba alikuwa mlangoni. Akageuka akaingia ndani, na kwa muda mrefu hakukaa tena uani kunywa kahawa yake.

Sasa kikuba cha dada Zuhura kingetoka wapi? Bi Mwanahawa alisema Kariakoo vipo, tena vimefungwa vizuri. Baba akasema atakwenda kuleta kikapu kizima. Dada mwenyewe alisema, "Mama, mie nitaolewa hivyo hivyo," halafu akaenda kuosha mchele ambao ulikuwa umeshaoshwa. Yeye ndiye binti wa kwanza kuolewa katika nyumba ile tangu bibi afe. Tangu mdogo alikuwa akisimama mbele ya mwaridi ule na kubana ua kwenye gauni lake kujipima. Na kila mmoja wetu alijua mahali ambapo mti ule bado ulikuwa hai, maana bibi alikuwa amempa Bi Tatu tawi lake kama walivyopewa wote, na wengine wote walikuwa Kilwa na Lindi. Hakuna aliyethubutu kulisema. Mwishowe baba ndiye aliyejaribu, akizungumza na bakuli lake la mchuzi: "Kule upo mmoja."

"Najua upo," mama akasema. "Maua ya kikuba chake nilichuma mie."

Ila asubuhi iliyofuata, baada ya swala ya Alfajiri, alibaki kwenye msala na tasbihi mpaka jua likapanda ukutani. Nilidhani amesinzia. Akafungua macho akaniambia, "Riziki, vaa gauni lako la Idi. Tunatoka."

Tulipanda basi hadi Kariakoo, kisha tukatembea. Tukateremka Jangwani penye ukungu wa bonde, tukapanda Magomeni, tukaendelea na njia ya mchanga katikati ya mihogo na mikorosho. Chini ya buibui la mama nilisikia punje za tasbihi zikigongana. Mara moja tu alisimama, akageuka nyuma akatazama tulikotoka, nami nikafikiri tunarudi. Alikuwa akijifunga buibui vizuri.

Bi Tatu alikuwa uani kwake anakuna nazi. Mama alipopiga hodi na yule akainua uso, aliruka kutoka kwenye mbuzi, machicha yamemjaa mikononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu," mama akasema. "Mwaridi umekufa."

Bi Tatu alimtazama, akanitazama mie, akaketi tena chini kwa uzito. "Dada," akasema, "moyo wangu umesimama. Nimeona umekuja mwenyewe, nikajua ni maiti. Kumbe ni ua!" Akacheka, halafu akaona mama hacheki, akafuta mikono. "Karibuni. Shikamoo dada. Riziki, umekuwa mtu mzima, mama."

Nikamwamkia. Mama akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa yameshapita. Kando ya jiko, umepanda mpaka juu ya makuti, ulikuwapo mwaridi wa bibi. Sijapata kuuona mwaridi mkubwa namna ile. Matawi makavu yamesukana na mabichi, majani yana madoa meusi, na bado juu huko maua mekundu yamejaa, harufu ile ile ya alfajiri ya kwetu ikishuka. Mama alikwenda akageuza jani moja, akaangalia chini yake.

"Nani kakufundisha kuumwagia maji majani?"

"Hakunifundisha mtu."

"Majani hayanywi. Shina ndilo linalokunywa. Na haya makavu miaka yote hujayakata?"

"Niliogopa kuuua," Bi Tatu akasema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Nitajuaje, dada? Hukuwepo wa kuniambia."

Kuku alipita katikati yao. Mama alikuwa bado ameshika lile jani. Kisha akavua buibui, akaliweka juu ya kinu.

"Nipe kisu," akasema. "Kikali."

Walifanya kazi mpaka adhana ya Adhuhuri. Mama alikata makavu yote, akakata yaliyosuguana, kila mkato ameulaza upande maji yasitulie. Bi Tatu alikuwa akipokea na kulalamika, "Dada, utaumaliza! Mungu wangu, hata na hilo?" na mama anajibu, "Nyamaza, utanishukuru." Matawi yenye matumba hakuyagusa. Alimwonyesha Bi Tatu namna ya kuchagua: tumba lililofungwa kabisa usilichume, litakufa limenuna. Lililo wazi kabisa limeshamaliza maneno. Chukua lile linaloonyesha wekundu mdomoni tu, na ulichume jua halijatoka. Mwisho akachagua vitawi vilivyokwisha kutoa maua, unene wa penseli, akavifunga kwenye ganda la mgomba. Wote wawili mikono ilikuwa inatoka damu. Bi Tatu akaleta maji, akamwagia mama, mama akamwagia yeye, wakaswali pamoja, nasi tukala wali wa ile nazi.

Siku ya arusi Bi Tatu alifika asubuhi mapema na furushi la jani la mgomba kichwani, gauni limelowa umande mpaka magotini. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakaweka visu chini. Bi Mwanahawa hakuweza kujizuia: "Eee! Leo Kinondoni imehamia Temeke!"

"Mpisheni," mama akasema, "maua yanasinyaa."

Dada Zuhura alikuwa ameketi mkekani amefunikwa kanga. Kikuba kilipokwisha kutengenezwa, kila mtu alimtazama mama, maana bibi hayupo na yeye ndiye mkubwa. Mama akakishika, akakinusa, akamwelekezea Bi Tatu. "Mfunge wewe. Mie mikono inatetemeka."

Bi Tatu akapiga magoti akafunga. Mie nilikuwa nimeketi kwenye miguu ya mama, naitazama mikono yake. Haikutetemeka hata kidogo. Dakika ile ile alichukua sindano akatunga uzi, mara moja tu, ukapita.

Siku hizi niko Temeke ile ile, na mihogo imekwisha, ni nyumba zimegusana. Bomba liko uani lakini maji huja yakitaka. Mwaridi wa Uzunguni alioupanda baba uliishi miaka mingi, na sikuuchukia. Ulikuwa mzuri, haukuwa na kosa. Ninayo rangi nyingi sasa, za njano, nyeupe na ile ya papai, kwa sababu mie na wanawake wenzangu wa kisomo cha jioni tunabadilishana matawi kuliko tunavyobadilishana vitabu. Binti yangu anayeolewa mwaka huu anataka maua makubwa ya kushika mkononi, nami nimemkubalia. Zamani tulikuwa na mti mmoja na tulijua kila ua lake litakwenda kwa nani. Leo miti ni mingi, na watu tunapitana majirani mwaka mzima bila kujuana majina. Lakini wa bibi upo, umetoka kwenye vile vitawi vya Kinondoni, unakunywa maji yangu ya udhu. Nikichagua mwaridi wa kupanda nafumba macho kwanza ninuse, kisha ndipo nafumbua.

Mtu akibisha hodi kuomba tawi, awe ninayempenda au niliyekosana naye, simwulizi ni nani kwangu. Namkatia, namfungia kwenye ganda la mgomba, halafu namshika mkono nampeleka mpaka kwenye shina. Hapa, namwambia, maji mwaga hapa chini, majani usiyaguse. Namwambia hata kama anajua.