Mche wa Kila Kiwanda

Mkaguzi wa mazingira huja kiwandani kila mwaka na viatu vinavyong'aa. Vidole vyake laini hupangusa miwani, kisha huipangusa tena. Miwani ya nini, basi, ikiwa haoni tanuri la sukari nguru wala magogo mabichi yaliyokatwa kando ya mto, ambayo Bonareri huyasukumia motoni huku moshi ukimtoa machozi? "Kazi nzuri, mama," humwambia kwa upole wa kanisani. Leo alimchimbisha shimo, akasimika mche, akapigwa picha ameuinamia. Bonareri aliporudi na ndoo ya maji, alimkuta anaung'oa, ungali ndani ya karatasi yake ya nailoni.

"Usiumwagie, utanichafulia gari. Wa kiwanda cha Kehancha nao wananingoja niwapandie."

"Na shimo langu?"

"Liache hivyo hivyo, mama. Mwakani nitarudi."