Ni Chumvi Tu

Kwa miaka ishirini na sita Zilpah alitia samaki wa mbuta chumvi pale ufuoni Mbita. Vidole vyake vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Watu walisema samaki aliyepita mikononi mwake haozi hata akifika Kongo.

Mjukuu wake, Elijah, alikuwa na miezi saba alipobanwa na kifua. Mama yake, Achieng, binti wa Zilpah, alikuwa akiuza nguo Oyugis na kurudi kila Jumamosi, hivyo bibi ndiye aliyembeba hadi hospitalini. Muuguzi Roseline akamvika mtoto barakoa ndogo, mashine ikanguruma, ukungu mweupe ukatoka. Zilpah akanyoosha mkono kuivua ile barakoa.

"Usiogope, dani," Roseline akamwambia, akimwita bibi kwa Kijaluo. "Ni maji ya chumvi tu."

"Chumvi? Hii yetu ya samaki? Basi na mimi nipeni koti jeupe."

Wakacheka. Mtoto alilazwa siku nne, akiwa na mpira wa oksijeni puani, akapona. Lakini katika yote aliyoyaona mle, Zilpah alirudi nyumbani na moja tu akilini: chumvi.

Wiki ya sita tangu watoke hospitalini, kikohozi kikarudi. Mbavu za mtoto zikawa zinazama kila akivuta pumzi. Zilpah akachemsha maji, akatia chumvi safi aliyoichambua kwa mkono, akampakata Elijah, akajifunika naye leso juu ya mvuke.

"Vuta, jaduong'. Vuta, mzee wangu."

Siku ya kwanza aliona kama nafuu. Siku ya pili mtoto akakataa maziwa. Siku ya tatu, walipofika hospitalini, midomo yake ilikuwa na rangi ya ziwa kabla ya mvua. Elijah hakuiona adhuhuri.

Baada ya mazishi Zilpah alimrudia Roseline. "Mwanangu, niambie kweli. Chumvi yangu ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na kasoro, dani. Hata yetu haiponyi, inalegeza makamasi. Alihitaji oksijeni, na macho ya kumwangalia." Roseline akainamia daftari lake. "Ni mimi niliyesema 'tu'."

Zilpah akalifunga lile daftari. Alimshika mkono, akakaa naye mpaka mgonjwa mwingine alipoingia.

Jumamosi Achieng alipika samaki. Alionja mchuzi, akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, kisha akaona jinsi mama yake anavyolitazama. Akaurudisha mkono. Wakala hivyo hivyo.